Ilhamu ya Mfinyanzi: Ladi Kwali, Magdalene Odundo na Mtungi Usiotekewa Maji

Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii aghalabu hutajwa kwa kicheko au kwa huruma: mtu awafinyangiaye wenzake vyombo vizima hukosa chombo cha kwake, akala chakula chake katika kigae. Lakini methali ina uso wa pili ambao hautazamwi sana. Kigae ni kipande cha chombo kilichoharibika, na mtu alaye katika kigae kila siku hukaa pamoja na makosa ya mkono wake mwenyewe. Hawezi kuyasahau. Kila tonge humkumbusha udongo uliokauka kabla ya wakati wake, au moto uliopanda kwa haraka kuliko ilivyostahili. Mshairi aweza kuichana karatasi yake na kuutupa mbali ubeti uliomshinda. Mfinyanzi hulia wali wake juu ya ubeti huo.

Sisi tujifunzao fasihi tumezoea kuisema ilhamu kama mgeni. Twasema ilhamu imemjia mshairi, imemshukia, imemzuru usiku, au imemkimbia. Lugha hii humfanya msanii kuwa mwenye nyumba asiye na kazi ila kungoja hodi mlangoni. Kwa fikira hizi maisha ya kila siku huhesabiwa kuwa adui wa sanaa: kuchimba, kupepeta, kuchota maji, kupasua kuni na kufagia ni gharama ambayo msanii hulipa kwa kunung'unika ili apate saa moja ya neema. Katika insha hii nakusudia kuipinga fikira hiyo kwa ushahidi wa karakana mbili za ufinyanzi, moja ya Nigeria na moja ya Uingereza, zilizounganishwa na safari ya mwanamke mmoja mzaliwa wa Nairobi. Dai langu ni hili: ilhamu ya mfinyanzi haitoki nje ya kazi yake ya kila siku, bali ni kazi hiyo yenyewe ikisharudiwa mpaka mkono ukapata akili; na kile ambacho mfinyanzi mmoja humrithisha mwingine si nakshi wala umbo, bali ni mwendo wa kazi. Mhakiki atafutaye urithi katika nakshi atarudi mikono mitupu, na pengine atadhani kuwa urithi haukuwapo.

Tuanze na Bibi Ladi Kwali. Alizaliwa yapata mwaka 1925 katika kijiji cha Kwali, katika nchi ya Wagbagyi, watu ambao zamani waliitwa pia Wagwari, katikati ya Nigeria. Huko ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na yeye alifunzwa na shangazi yake tangu utotoni. Alifinyanga mitungi ya maji, vyungu vya kupikia na vyombo vingine vya nyumbani, na mitungi yake ilisifiwa kwa uzuri kabla hajakutana na mwalimu yeyote wa kigeni. Baadhi ya mitungi hiyo iliwekwa katika nyumba ya Emir wa Abuja, na hapo ndipo ilipoonwa na Michael Cardew, mfinyanzi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1901, mwanafunzi wa Bernard Leach wa St Ives. Cardew alikuwa ameajiriwa na serikali ya kikoloni kuanzisha chuo cha ufinyanzi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikijenga Abuja. Msomaji asichanganye: Abuja ya wakati ule ni mji uitwao sasa Suleja, jina lake lilichukuliwa likapewa makao makuu mapya ya nchi. Mwaka 1954 Ladi Kwali aliingia katika chuo hicho, akawa mwanamke wa kwanza ndani yake. Wanawake wengine wa Kigbagyi walimfuata, miongoni mwao Halima Audu na Asibi Ido.

Ni vema kuitazama karakana hiyo ilivyokuwa kwa siku za kazi, si kwa siku za maonyesho. Wanafunzi wanaume walikaa kwenye magurudumu, wakafinyanga birika, vikombe, majagi na bakuli. Udongo ulichimbwa, ukalowekwa, ukachujwa mawe na mizizi, ukakandwa. Mawe na majivu yalisagwa ili kupata ule utandu ambao motoni huyeyuka ukawa kama kioo juu ya chombo. Kuni zilikatwa kwa wingi, kwa kuwa tanuri lilikula kuni, na lilipowashwa halikuruhusu mtu kulala kwa raha. Katika siku thelathini za mwezi, siku za kufungua tanuri na kustaajabu zilikuwa chache sana. Nyingine zote zilikuwa za tope, vumbi na jasho. Mtu aingiaye humo akitafuta ilhamu kwa maana ya mgeni mtukufu angaliona watu wenye mikono michafu tu, akaondoka.

Lakini na amtazame Bibi Ladi Kwali akifanya kazi. Yeye alijifunza gurudumu pia, na aliweza kulitumia kwa vyombo vidogo. Hata hivyo mitungi yake mikubwa aliifinyanga kwa mikono mitupu, kama alivyofunzwa kwao. Aliweka pande la udongo, akalipiga kwa ngumi katikati hata likafanya shimo, akazivuta kuta juu kwa vidole. Kisha alisokota udongo kama kamba nene, akaipachika kamba hiyo juu ya ukingo, akaikandamiza na kuilainisha, akaongeza nyingine. Gurudumu halikukizungusha chombo mbele yake: chombo kilisimama, naye akakizunguka kwa miguu, ameinama, mkono mmoja ndani na mmoja nje. Watazamaji wa Ulaya na Marekani, ambako alialikwa kuonyesha kazi yake, walistaajabu jinsi mtungi ulivyopata mviringo kamili pasipo chombo cha kupimia. Staajabu yao ilikuwa ya haki, lakini aghalabu waliielekeza mahali pasipo pake. Waliustaajabia mviringo, kumbe la kustaajabisha lilikuwa ule mwendo. Mviringo ule ulikuwa ni nyayo zake. Kila hatua aliyopiga kuuzunguka mtungi iliandikwa katika ukuta wa mtungi, na jicho lililoona mamia ya mitungi tangu utoto liliisahihisha kila hatua kabla kosa halijawa kubwa.

Hapa tena wahenga watusaidie. Walisema: udongo uwahi ungali maji. Kwa kawaida twaitumia methali hii katika malezi ya watoto, tukasahau kuwa kwanza ni sheria ya karakana. Ukuta wa mtungi ukiwa na maji mengi hauwezi kubeba kamba ya juu yake, nao huanguka. Ukikauka mno, haushikamani na kamba mpya; chombo hupasuka pale pale kilipoungwa, pengine katika kukauka, pengine motoni. Baina ya hali hizi mbili kuna muda, nao si mrefu. Kwa hiyo mfinyanzi hufanya sehemu ya chini, huiacha ipate nguvu, huenda kwenye chombo kingine au kwenye kazi ya nyumba, kisha hurudi. Jua kali humharakisha na siku ya mvua humchelewesha. Tumbo pana la mtungi, bega lake linaloingia ndani, na shingo yake nyembamba haviwezi kufanywa kwa mfululizo mmoja. Kila sehemu ilingoja sehemu iliyo chini yake. Kwa maneno mengine, umbo la mtungi ni kumbukumbu ya saa. Mtu mwenye macho aweza kusoma katika chombo ni wapi mfinyanzi alingoja, na ni wapi alirudi.

Jambo hili lina maana kubwa kwa swali letu. Kungoja huko si uvivu wala si utupu. Ndimo mfinyanzi atazamapo kazi yake kwa mbali, akaona bega limeelemea upande, akaamua shingo itakuwa fupi. Mgeni tuliyemwita ilhamu amekwisha kuwamo ndani ya nyumba: amekaa katika nafasi ambazo udongo wenyewe umeziamuru. Mshairi wa tungo zetu za kale anajua kitu kinachofanana na hiki. Vina na mizani humzuia asende moja kwa moja kwenye neno la kwanza lililomjia, na katika kuzuiwa huko hulipata neno la pili lililo bora. Wale wasemao kwamba vina ni pingu, na wale wasemao kwamba udongo ni tope, wamefanya kosa moja katika lugha mbili.

Juu ya mitungi yake Bibi Ladi Kwali alichora. Katika udongo ambao bado haujakauka alikwangua mistari, na kwa vijiti vilivyochongwa alibiringisha nakshi ndogo ndogo zenye kufuatana. Ndani ya mistari wakatokea mijusi, nge, nyoka, samaki na vinyonga. Nakshi hizi hazikuwa mapambo ya kuongezwa baadaye kama ua linavyotiwa katika nywele. Vidole vilivyolowa huteleza juu ya mtungi laini, na uso uliokwanguliwa hushikika vizuri zaidi. Tena mistari iliyouzunguka mtungi ilifuata njia ile ile ambayo miguu ilipita. Mjusi aliyechorwa begani ameuzunguka mtungi kama mwenyewe alivyouzunguka.

Sasa twafika kwenye mgogoro ambao mhakiki hawezi kuukwepa. Kijijini mtungi ulichomwa katika moto wa wazi, uliofunikwa kwa majani makavu na kuni, ambao joto lake ni dogo likilinganishwa na la tanuri. Chombo cha moto huo hubaki na vinyweleo. Maji hupenya polepole mpaka nje, hukauka katika hewa, na katika kukauka hulichukua joto. Ndiyo sababu maji ya mtungi ni baridi adhuhuri wakati hata kivuli kina joto. Abuja, kinyume cha hayo, mitungi yake ilitiwa uji wa udongo mweupe ndani ya nakshi, ikapakwa ule utandu wa kioo, ikachomwa katika tanuri kwa joto la zaidi ya digrii 1,200. Ilitoka migumu kama jiwe, ya rangi ya kijani kilichofifia au ya giza ing'aayo, na mijusi yake ilionekana kama iliyo chini ya maji. Lakini haikutoa jasho. Ilikuwa mitungi ya maji isiyoweza kuyapoza maji, na walioinunua hawakukusudia kuitekea kisimani. Waliiweka penye meza na rafu, Lagos, London na kwingineko.

Juu ya jambo hili wahakiki wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lasema kwamba Cardew aliinyanyua kazi ya kijiji akaifanya sanaa. Kundi la pili lasema kwamba aliichukua sanaa kamili iliyokuwa na kazi yake katika maisha ya watu, akaivika joho la kigeni, akaiuza kwa wageni. Kundi la kwanza halina hoja. Mtungi uliomfanya Cardew asimame katika nyumba ya Emir haukuwa na utandu wa kioo, na wala haukungoja tanuri lake ili uwe mzuri. Kama haukuwa sanaa siku ile, basi yeye aliona nini? Kundi la pili lina hoja nzito, wala mimi siipuuzi. Hasara ya ubaridi wa maji ni hasara ya kweli, na mwanamke wa Kwali aliyerudi kutoka kisimani hakuwa na haja ya mtungi wa kijani. Fauka ya hayo, chuo kilikuwa cha serikali ya kikoloni, mwalimu wake mkuu alikuwa Mwingereza, na kwa muda mrefu waandishi walimtaja Cardew kama mwalimu na Ladi Kwali kama mwanafunzi, ijapokuwa katika ufinyanzi wa mtungi hakuna chuoni aliyeweza kumfunza kitu.

Hata hivyo kundi la pili nalo lina kosa. Humwona Bibi Ladi Kwali kama udongo mikononi mwa mwingine. Husahau kwamba utandu ulikuja mwisho, na kwamba kila kilicho chini yake kilikuwa chake: pande lililopigwa ngumi, kamba zilizosokotwa, hatua za kuzunguka, mjusi na nge. Mtungi wa Abuja ni hati ya watu wawili, na mhakiki mwaminifu husoma hati zote mbili bila kuziba moja. Tena yako mambo aliyoyapata na ambayo hatuna haki ya kuyadharau kwa niaba yake. Kijijini mtungi haukuwa na jina la aliyeufinyanga. Abuja aligonga muhuri wa herufi za jina lake chini ya kazi yake. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa shahada ya heshima ya udaktari, yeye ambaye hakupata elimu ya shule. Alifariki mwaka 1984, na leo picha yake imechapwa nyuma ya noti ya naira 20, akiwa pamoja na mtungi wake. Mkono uliolia gaeni sasa hupita katika mikono ya sokoni.

Swali ni kwamba kazi hiyo iliacha nini baada yake. Hapa aja mwanamke wa pili. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akasoma utotoni Kenya na India, akajifunza uchoraji wa biashara Kenya, akaenda Uingereza mwaka 1971 kwa nia ya kuendelea na kazi hiyo hiyo. Huko udongo ulimvuta. Katika miaka ya 1974 na 1975 alisafiri Nigeria, akafika katika chuo cha Abuja, akaona na kujifunza kwa wanawake wale, akiwamo Ladi Kwali mwenyewe. Akafika Kenya pia kutazama wafinyanzi wa nchi yake. Baadaye alikwenda San Ildefonso, katika New Mexico ya Marekani, ambako wenyeji hufinyanga vyombo vyeusi ving'aavyo, kazi iliyopata sifa kwa mkono wa Maria Martinez. Alihitimu katika chuo cha Farnham mwaka 1976 na katika Royal College of Art ya London mwaka 1982. Tazama mzunguko huu: msichana wa Nairobi alikwenda Ulaya kutafuta sanaa, na Ulaya ikampeleka Afrika ya Magharibi kwa mwanamke ambaye hakuwahi kukaa darasani. Ni kicheko, lakini kicheko chenye funzo.

Mhakiki wa nakshi akiviweka vyombo vya wanawake hawa wawili sawia atasema kuwa havina ujamaa. Vyombo vya Bibi Odundo havina mijusi wala nge, havina mstari uliokwanguliwa, havina utandu wa kioo. Ni vitupu, virefu, vyenye shingo ndefu na midomo iliyotanuka au iliyoinama upande, vyekundu kama machungwa yaliyoiva au vyeusi kama usiku usio na mwezi. Katika sura vyaweza kumkumbusha mtu mambo mengi ya dunia. Mtungi wa Kwali ni mmoja tu katika mengi hayo, na si wa kwanza kuja akilini. Basi urithi u wapi?

Urithi u katika mikono. Bibi Odundo hatumii gurudumu. Huanza na pande la udongo, hulifungua kwa ngumi na vidole, huzivuta kuta juu, huongeza kamba za udongo, hukwangua kwa kipande cha kibuyu. Haya ni maneno yale yale niliyoyaandika juu ya karakana ya Abuja, na sikuyarudia kwa uvivu. Ni mwendo mmoja. Huacha chombo kipate nguvu, hurudi, huongeza. Kikikauka hukisugua kwa jiwe laini, hukipaka uji wa udongo mwembamba, hukisugua tena mpaka king'ae pasipo utandu wowote. Kisha huja moto. Moto wa kwanza wenye hewa ya kutosha hukitoa chombo chekundu. Akitaka cheusi hukirudisha motoni, akakifunga pamoja na vipande vya mbao ili moto ukose hewa, na moshi ukaingia katika udongo. Kwa hiyo wekundu na weusi wa vyombo vyake si rangi mbili za kupakwa. Ni udongo mmoja katika pumzi mbili za moto. Na moto huo haumtii kabisa. Chombo cheusi hutoka pengine na doa la rangi ya shaba au ya kijivu mahali ambapo hakuna aliyeliita. Hapo ndipo mfinyanzi hujua kama doa ni baraka au ni kigae kingine cha kulia.

Kazi hiyo ni ya polepole, na vyombo avitoavyo si vingi. Upole huu si madaha. Kusugua chombo kizima kwa jiwe huchukua saa nyingi, na katika saa hizo mkono hupita kila mahali pa chombo, hukijua kuliko jicho lijuavyo. Mkono huona bonde dogo ambalo jicho halilioni. Ikiwa twauliza Bibi Odundo hupata wapi wazo la chombo chake kijacho, nadhani jibu lililo karibu na kweli ni kwamba hulipata katika kukisugua hiki kilicho mbele yake. Yeye ni mtu aliyetembea majumba mengi ya makumbusho na kutazama kazi za mataifa mengi, na katika maonyesho yake makubwa ya mwaka 2019 huko Wakefield vyombo vyake viliwekwa pamoja na kazi za kale na za mbali, kana kwamba ni jamaa waliokutana arusini. Lakini aliyoyaona hayakuwa kitu mpaka yalipopita katika mkono. Macho hukusanya, mkono huchagua.

Lugha yetu ingeweza kumfaa mhakiki wa vyombo hivi kuliko lugha nyingi. Sisi twasema mdomo wa mtungi, shingo ya mtungi, tumbo lake, masikio yake na kitako chake, wala hatufikiri kuwa tumetunga istiara. Mtungi kwetu ni mtu aliyekaa kimya. Bibi Odundo huufuata mwili wa binadamu katika kazi yake, na watazamaji wa Ulaya wameandika mengi juu ya jambo hilo kama uvumbuzi. Kwa msemaji wa Kiswahili, uvumbuzi hauko katika kuuona mwili ndani ya mtungi, kwa kuwa tuliuona zamani. Ustadi wake u katika kuusimamisha mwili huo kati ya kuinuka na kuinama, hata mtu akadhani chombo kimevuta pumzi kikaizuia. Huwezi kuufanya mkao huo kwa gurudumu, maana gurudumu hupenda pande zote zilingane. Waweza kuufanya kwa mwendo wa kuzunguka, kwa kuwa anayezunguka aweza kusita upande mmoja.

Hapa nitaulizwa swali, nalo ni la haki. Je, mtungi usiotekewa maji ni mtungi? Chombo cha Bibi Odundo huuzwa mnadani kwa mamia ya maelfu ya pauni, na hakuna atakayekipeleka mtoni. Ikiwa nimewalaumu waliosahau hasara ya mtungi wa kijani wa Abuja, nitawezaje kukisifu chombo kilichoikubali hasara hiyo yote? Najibu kwamba tofauti iko katika udanganyifu. Mtungi wa Abuja uliendelea kuvaa sura ya chombo cha maji baada ya kuiacha kazi ya maji. Uzuri wake una majonzi ndani yake, na majonzi hayo ni sehemu ya ukweli wa historia yake. Chombo cha Bibi Odundo hakidai kuwa kitateka maji. Kinauliza ni nini kinachobaki katika mtungi maji yakisha kuondoka, nacho kinajibu kwa umbo lake: kimebaki kile ambacho mkono ulijifunza kwa sababu ya maji. Tumbo lilipata upana wake kwa kubeba, shingo ilipata wembamba wake kwa kuzuia kumwagika, na mdomo ulitanuka kwa kupokea. Vizazi vya wanawake waliokwenda kisimani vimo ndani ya umbo hilo, hata kama hakuna tone ndani yake. Sisemi kwamba jibu hili huondoa hasara. Nasema kwamba huikiri, na sanaa yenye kukiri ni bora kuliko sanaa yenye kuficha.

Imebaki niseme jambo juu yetu wenyewe. Katika masomo yetu neno sanaa tumelihifadhi kwa ajili ya tungo na uchongaji, ama ufinyanzi tumeuacha jikoni. Mwanafunzi aweza kueleza kwa siku nzima mapokeo ya utenzi, na asijue kwamba wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema kando ya Ziwa Nyasa, wana mapokeo yao ya vyungu ambavyo huuzwa mbali na kwao. Tukiwataja huwa ni katika habari za biashara ndogo au za utalii. Na hata tukiwasifu, twasifu nakshi nyekundu na nyeupe iliyo juu ya chungu, kwa maana ndiyo tuionayo sokoni. Hatuendi kutazama chungu kinavyoanza, wala hatuulizi ni wapi mfinyanzi alingoja. Kwa njia hiyo twarudia kosa la waliostaajabia mviringo wa Ladi Kwali wakaacha kuzitazama nyayo zake.

Bei za vyombo vya plastiki na madebe zimeufanya mtungi kuwa kitu cha hiari katika nyumba nyingi. Haifai kuwalaumu wanunuzi. Ndoo haivunjiki njiani. Lakini hatari iliyopo si ya kupotea kwa mtungi, maana mtungi waweza kuwekwa katika nyumba ya makumbusho na kukaa salama miaka elfu. Hatari ni ya kupotea kwa mwendo. Nakshi yaweza kupigwa picha, umbo laweza kupimwa, bali hatua za kuuzunguka mtungi hazina rafu ya kuwekwa. Hukaa katika mwili wa mtu aliye hai, na humwingia mwingine kwa kusimama karibu naye, kama zilivyotoka kwa shangazi mmoja wa Kwali kwa mpwa wake, na kwa mpwa huyo hadi kwa msichana wa Nairobi aliyesafiri kwenda kumtazama. Kizazi kimoja kisiposimama karibu, kamba imekauka, na kamba mpya haitashikamana nayo.

Kwa hiyo mwanafunzi atakaye kuijua ilhamu ni nini, na aache kwa siku chache kuitafuta katika wasifu wa washairi. Na aende akakae kwa mfinyanzi tangu asubuhi, achukue maji, akande udongo, anyamaze. Huenda asione muujiza wowote. Ataona mwanamke akiinama, akizunguka, akisita, akirudi. Jioni akipewa chakula chake katika kigae, asione haya kukila.